Ninywe nini nizae haraka?

Wajawazito wa huku Arusha na Kilimanjaro, kuanzia Ngarenaro mpaka Himo, wanauliza swali hilo kuliko jingine lolote, na mtaa una majibu tele: bamia, mlenda, mafuta ya mnyonyo, mizizi aliyochimba bibi, kikombe cha mbege. Jibu letu ni fupi na halipendwi. Hakuna cha kunywa.

Mengi yanayoharibu uzazi wa kawaida yanaanza na haraka. Mtu anachokoza uchungu kabla mwili haujawa tayari, anakimbilia leba njia ikiwa sentimita mbili, au anasukuma mlango haujafunguka. Kwa hiyo maandalizi ya miezi tisa, tukiyaangalia vizuri, ni kuuweka mwili na nyumba katika hali ya kuweza kusubiri bila kuishiwa nguvu, na kujua ni wakati gani kusubiri kumekwisha.

Bamia zile kama unazipenda. Zina foleti na zinalainisha choo. Ila utumbo na mji wa mimba havina mlango wa kupitishana, na utelezi wa bamia unaishia chooni.

Anza na kalenda

Chukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho (siku ya kwanza kuona damu, si siku ilipokatika), ongeza siku 7, kisha ongeza miezi 9. Hedhi ilianza tarehe 10 Machi? Kumi na saba Desemba ndiyo tarehe yako. Hesabu hiyo ni ya mwenye mzunguko wa siku 28. Mzunguko wako ukiwa wa siku 35, sogeza mbele siku 7 nyingine, iwe 24 Desemba. Anayenyonyesha, au aliyetoka kwenye sindano ya uzazi wa mpango na hedhi haijatulia, hesabu hii haimfai. Huyo atafute altrasaundi mapema, kabla ya wiki 14, kwa sababu altrasaundi ya mwanzo ndiyo inayokadiria umri wa mimba kwa usahihi. Ya mwezi wa nane inaweza kukosea kwa wiki mbili au tatu, na mtu akiifuata hiyo ataambiwa amepitiliza kumbe bado.

Kukosea tarehe ndiko kunakozaa haraka isiyo na sababu. Mimba imekomaa kati ya wiki 37 na 42. Tarehe uliyoandikiwa kwenye kadi ni katikati ya dirisha, na wanaojifungua siku hiyohiyo ni wachache sana. Wa mimba ya kwanza mara nyingi huivuka. Mama mkwe anapiga simu kila asubuhi kuuliza "bado tu?", na hapo ndipo mizizi inapoanza kuchemshwa. Tarehe ikipita, usikae nyumbani ukihesabu. Kliniki itakwambia lini urudi, na ukifika wiki 41 lazima uonwe, mtoto asikilizwe mapigo na izungumzwe habari ya kuanzishiwa uchungu kwa utaratibu wa hospitali.

Damu yako ni ngapi?

Kama kuna jambo moja la kukazia humu ndani, ni hili. Watu wananunua nguo za mtoto, beseni na mafuta, lakini ukiwauliza damu ni ngapi hawajui. Kiwango cha kutafuta ni 11 au zaidi (gramu za hemoglobini kwa desilita moja ya damu). Chini ya hapo ni upungufu, chini ya 7 ni upungufu mkali.

Damu inaingiaje kwenye uzazi mwepesi? Msuli wa mji wa mimba hufanya kazi kwa saa nyingi na unahitaji hewa. Mama mwenye damu 8 anachoka mapema, na akishachoka ni vigumu kusukuma ipasavyo. Kisha kuna kutoka damu baada ya mtoto. Kupoteza kiasi cha nusu lita hakumwangushi mwenye 12. Mwenye 8 akipoteza hiyohiyo, anaanza kutafutiwa chupa za damu.

Sasa fanya hesabu. Damu hupanda polepole, karibu alama moja au mbili kwa mwezi hata ukitumia vidonge sawasawa. Anayegundua wiki ya 36 kwamba ana 9, atafika leba akiwa na 10 au 11 kwa bahati. Aliyegundua wiki ya 16 ana muda wote. Ndiyo maana tunasema hudhurio la kwanza liwe kabla ya wiki 12. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linapendekeza mahudhurio manane kwa mimba moja, na hata hayo hayana faida kama vidonge vinarudi nyumbani na kukaa kabatini.

Vile vidonge vya FEFO (vya kuongeza damu, vyenye madini ya chuma na foleti) vinashindwa kazi kwa sababu tatu. Ya kwanza ni chai. Chai ya rangi, ya maziwa na kahawa vyote huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Ukimeza kidonge na kikombe cha chai asubuhi, sehemu kubwa umeitupa. Kimeze saa nne asubuhi, chai ikiwa imeshapita saa moja au mbili, pamoja na chungwa, pera au maji yaliyokamuliwa limau. Ya pili ni kichefuchefu: anayetapika ameze usiku akiwa anaenda kulala, baada ya kula kidogo. Ya tatu ni choo cheusi na kigumu, kinachowatisha wengi wakaacha. Weusi ni wa kawaida. Ugumu unatibika kwa maji, papai na mboga. Ukiona hali haivumiliki rudi kliniki ubadilishiwe, usiache kimyakimya.

Pamoja na FEFO kuna dawa ya minyoo, ambayo hutolewa miezi mitatu ya kwanza ikishapita. Kuna SP ya kuzuia malaria: vidonge vitatu kwa mkupuo, dozi zikipishana mwezi mmoja au zaidi, angalau dozi tatu mpaka ujifungue. Anayetumia Septrin kwa sababu ya VVU hapewi SP. Wa Arusha mjini husema kwao baridi, malaria hakuna, kisha mwezi wa nane anaenda kwa shangazi Mto wa Mbu au Kahe kumalizia mimba. Chandarua beba.

Udongo nao tuuseme. Vile vipande vinavyouzwa kwenye sinia sokoni Kilombero na Mbuyuni vinabana chuma tumboni, na vinaweza kuwa na mayai ya minyoo na hata madini ya risasi. Hamu ya udongo au barafu mara nyingi ni damu yenyewe inayolia. Badala ya kumgombeza anayekula, mpeleke akapime.

Sahani

Kaskazini hatuna shida ya chakula cha mjamzito. Mnafu, mchicha, majani ya kunde, maharage, dagaa, maziwa, parachichi, ndizi, vyote vipo na vingi havihitaji fedha nyingi. Mtori watu wanauwekea mzazi, lakini hakuna aliyeukataza kabla ya kuzaa. Bakuli moja lenye nyama ya kutosha, na limau pembeni, linafaa sana jioni ya mtu ambaye kiungulia kinamkatalia ugali. Loshoro, chakula cha maziwa ya mgando, ni nzuri maadamu maziwa yalichemshwa kabla ya kugandishwa, kwa sababu maziwa mabichi yanaweza kuwa na vijidudu vya brusela, na brusela inaweza kuangusha mimba.

Magadi yanahitaji neno. Makande na kiburu (ndizi na maharage) vikiungwa magadi vinaiva haraka, lakini magadi ni sodiamu, sawa na chumvi. Mwenye presha au aliyeanza kuvimba uso aloweke maharage usiku kucha, amwage maji, apike bila magadi. Mbege, hata ile "nyepesi ya wazee", ni pombe. Iache mpaka utakapomaliza kunyonyesha, usikubali hoja ya kwamba inaongeza nguvu.

Kuna desturi kwenye baadhi ya familia za wafugaji, hasa Wamaasai, ya kumpunguzia mjamzito chakula miezi ya mwisho ili mtoto asinenepe akashindwa kupita. Wazo si la kipuuzi, maana mtoto wa kilo nne na nusu kweli ni kazi. Lakini njaa humdhoofisha mama kwanza. Anafika leba bila damu na bila nguvu, na mtoto mwenye uzito mdogo naye anapata baridi na maambukizi kirahisi. Watoto wakubwa kupita kiasi tunaowaona wengi wanatokana na kisukari cha mimba au unene wa mama, na dawa yake ni kupima sukari na kuacha soda na maandazi, wala si kunyima nyama na maziwa. Mama aliyeanza mimba na uzito wa wastani anatarajiwa kuongeza kilo 11 hadi 16 kwa miezi yote.

Kitu cha kula ambacho angalau kina utafiti nyuma yake ni tende. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti wa Jordan uliowalinganisha wanawake 69 waliokula tende sita kila siku wiki nne za mwisho na 45 ambao hawakula. Waliokula walifika hospitali njia ikiwa imefunguka zaidi, na wengi wao uchungu ulianza wenyewe. Ni kundi dogo, lisikufanye uzione tende kama dawa, lakini hazina madhara kwa asiye na kisukari. Tende sita, kuanzia wiki ya 36, basi.

Mwili

Hapa ushauri unatofautiana kulingana na unakoishi. Mama wa Kibosho au Marangu anayepanda mgomba kwa mgomba kila siku hahitaji kuambiwa atembee. Anachohitaji ni kuondolewa mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, hasa kuanzia mwezi wa saba, na kupewa saa moja ya kulala mchana. Kubeba majani kutoka tambarare si mazoezi, ni kazi inayokula damu ileile tunayoitafuta. Wa mjini anayekaa dukani au kwenye kompyuta kutwa ndiye wa kutembea: nusu saa kwa siku, siku tano kwa wiki, mwendo ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Shuka kwenye daladala kituo kimoja kabla.

Kuchuchumaa tunakujua toka utotoni, kwenye kufua na kuosha vyombo, na ni mkao unaofungua nyonga. Weka miguu upana wa mabega, visigino chini, shika mlango au meza imara, kaa hivyo nusu dakika, inuka taratibu, rudia mara tano. Ukisikia maumivu makali mbele kwenye mfupa wa kinena, acha. Usiku lala kwa ubavu, kushoto au kulia, hasa baada ya wiki 28. Ukizinduka umelala chali usiogope, geuka tu.

Misuli ya sakafu ya nyonga ndiyo ile unayobana kuzuia mkojo. Ibane ukihesabu mpaka tano, iachie ukihesabu mpaka kumi, mara kumi, asubuhi, mchana na usiku. Usifanye zoezi hili ukiwa unakojoa. Wengi wanalijua la kubana na kusahau la kuachia, na siku ya kuzaa kinachotakiwa ni kuachia.

Kukanda msamba ndiko tunakopenda kukueleza kwa kirefu, kwa sababu hakuna anayekuonyesha kliniki na watu wanaona haya kuuliza. Msamba ni ile nyama kati ya uke na njia ya haja kubwa, panapochanika au panapoongezewa njia. Anza wiki ya 34 au 35. Mara moja au mbili kwa wiki inatosha. Tafiti hazioneshi kwamba kufanya kila siku kunazidi. Kwa kila wanawake 15 wa mimba ya kwanza wanaofanya hivi, mmoja huepuka kushonwa. Si muujiza, ila ni kazi ya dakika tano.

Kata kucha, oga maji ya moto, nawa mikono kwa sabuni. Kojoa kwanza. Kaa umeegemea mto, magoti yamekunjwa, au simama mguu mmoja ukiwa juu ya kigoda. Paka kijiko kidogo cha mafuta ya nazi safi au ya alizeti kwenye vidole gumba. Mafuta yenye manukato na losheni usiguse. Ingiza gumba moja au yote mawili kwa urefu wa sentimita tatu hivi, yaani mpaka kiungo cha kwanza. Bonyeza kuelekea chini, upande wa haja kubwa, mpaka usikie kuvutika na kama kuwaka kidogo. Tulia hapo dakika moja au mbili huku ukitoa pumzi ndefu. Kisha sogeza taratibu kulia na kushoto kama mtu anayechora sehemu ya chini ya sahani, dakika mbili au tatu. Usisukume kwenda juu, kwenye njia ya mkojo. Mume anaweza kusaidia akitumia vidole vya shahada, na wewe ndiye unayesema kiasi.

Siku za kwanza panauma. Wiki ya tatu pameshalainika, na umepata kitu kingine: umejua jinsi kule kuwaka kunavyokuwa, na kwamba ukibana kunazidi, ukiachia kunapungua. Mwenye damu inayotoka, kondo lililokaa chini, maambukizi ukeni, au ambaye chupa (mfuko wa maji ya mtoto) imeshapasuka, asifanye.

Tuongeze jambo ambalo halisemwi waziwazi ilhali tuko Arusha. Aliyekeketwa ana kovu mahali pale, na kovu halivutiki kama ngozi. Mwambie mkunga mapema, kwenye hudhurio la kwanza au la pili, aangalie kovu liko wapi na aandike kwenye kadi. Mkunga aliyejua mapema anapanga jinsi ya kulinda msamba. Anayekutana na kovu kichwa cha mtoto kikiwa mlangoni anabaki na uamuzi wa sekunde chache.

Nani asizalie zahanati

Kuzaa kawaida hakumaanishi kuzaa popote. Mwenye kovu la upasuaji mmoja anaweza kujaribu kawaida, lakini mahali penye chumba cha upasuaji na damu usiku na mchana. Mapacha, aliyewahi kutoka damu nyingi, mwenye presha ya 140 kwa 90 au zaidi, mwenye kisukari, aliyezaa mara tano na kuendelea, na ambaye mtoto ametanguliza makalio, wote wapange hospitali. Huku tumebarikiwa nazo: Mount Meru na ALMC kwa Arusha, Mawenzi na KCMC kwa Moshi, na zile za misheni mlimani. Kondo likiziba njia au mtoto akilala mkingamo mpaka mwisho, ni kisu, na hapo hakuna wa kulaumiwa.

Uliza kundi lako la damu. Ukiwa hasi na baba mtoto ni chanya, unahitaji sindano ya anti-D ndani ya saa 72 baada ya kujifungua kama mtoto ni chanya. Ni ghali na si kila duka la dawa linayo, kwa hiyo itafutwe mwezi wa saba, isije ikatafutwa usiku. Na watu wawili wa ukoo wenye afya wajue kwamba wanaweza kuitwa kuchangia damu.

Begi na gari

Begi liwe mlangoni wiki ya 36. Kituo chako kitakupa orodha yake. Mara nyingi utatakiwa kufika na glavu, pamba, viwembe, vibano vya kitovu na mpira wa kutandika. Ongeza kanga sita zilizofuliwa, pedi kubwa, kadi ya kliniki, chupa ya chai ya kubebea maji ya moto na kitambaa laini (matumizi yake yanakuja), na chaja ya simu. Kwa anayejifungua Juni au Julai, baridi ya Arusha si ya mchezo: kofia ya sufu, soksi na sweta mbili za mtoto.

Dereva asiwe "bodaboda yeyote". Chagua wawili, chukua namba zao, ujue nani analala wapi. Kama unaishi juu Machame, Uru au Rombo na tarehe yako iko kati ya Machi na Mei, masika itakufungia barabara. Shuka mjini kwa ndugu wiki ya 38, au uliza kama kituo chako kina nyumba ya kusubiria wajawazito. Dharura ikitokea, namba 115 ya mfumo wa m-mama hupigwa bure na hutafuta usafiri wa mama na mtoto mchanga.

Chagua pia wa kukusindikiza, na uulize mapema kama kituo kinamruhusu aingie leba. Mwanamke mwenye mtu wa kumshika mkono mwanzo hadi mwisho huwa na uchungu mfupi kidogo na huepuka upasuaji zaidi kuliko aliye peke yake; hilo limepimwa mara nyingi. Awe mama mdogo, wifi au mume, lakini asiwe mtu wa kulia kabla yako.

Siku yenyewe

Uchungu wa uongo unapoa ukinywa maji, ukioga, ukibadili mkao. Wa kweli unakaza. Kwa mimba ya kwanza, hatua ya mwanzo kabla ya sentimita tano inaweza kuchukua siku nzima au zaidi, na huo ndio muda unaoliwa na haraka. Ukiwa karibu na hospitali, mimba haina tatizo, chupa haijapasuka na mtoto anacheza, ubaki nyumbani. Kula uji, ndizi, mtori mwepesi. Lala kati ya uchungu na uchungu. Kojoa kila baada ya saa mbili hata kama husikii, kwa sababu kibofu kilichojaa kinamzuia mtoto kushuka, na ni kizuizi ambacho watu hawakifikirii kabisa.

Ondoka uchungu ukija kila dakika tano, kila mmoja ukidumu kama dakika nzima, kwa saa moja mfululizo. Aliyewahi kuzaa, au anayekaa mbali, aondoke mapema zaidi ya hapo. Na hakuna kusubiri lolote ukiona damu inatoka (ute wenye michirizi ya damu ni kawaida, damu ya kulowesha si kawaida), maji ya kijani, kichwa kinachouma sana na macho yenye ukungu, homa, degedege, au mtoto aliyepunguza kucheza. Chupa ikipasuka nenda hata kama uchungu haujaanza, uangalie maji yana rangi gani na saa ngapi. Ukiona kitovu kimetangulia nje, piga magoti, kifua chini, makalio juu, na usafirishwe hivyohivyo.

Kuhusu mizizi na vile vidonge vya kuanzisha vinavyouzwa kimyakimya, sababu ya kuvikataa ni hii. Uchungu wa asili unakuja na kuondoka, na mtoto hupata hewa ya kutosha katika kile kipindi cha kupumzika. Dawa isiyo na kipimo inafuta mapumziko. Mtoto anachoka, anajisaidia tumboni, na mji wa mimba wenye kovu au uliozaa mara nyingi unaweza kupasuka. Dripu ya uchungu ya hospitali ni dawa ya namna hiyohiyo, tofauti ni kwamba inahesabiwa matone na kuzimwa. Kama umeshakunywa kitu, sema ufikapo, hata kama bibi amekukataza. Anayenyamaza akawekewa dripu juu yake ndiye anayepata madhara makubwa.

Leba usilale chali. Simama, tembea, egemea ukuta, piga magoti ushike kitanda. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyotolewa 2013 yalionyesha kwamba kukaa wima au kutembea kunafupisha hatua ya kwanza kwa zaidi ya saa moja. Msindikizaji asukume kiuno kwa kisigino cha mkono, kwa nguvu, pale chini karibu na mkia. Pumzi: vuta kwa pua ukihesabu nne, toa kwa mdomo ukihesabu sita au nane, taya likiwa limelegea. Usiogope ukiambiwa hujafikisha sentimita moja kwa saa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2018 uliacha kipimo hicho. Unaruhusu mpaka saa 12 tangu sentimita tano kwa uzazi wa kwanza, mama na mtoto wakiwa salama.

Kusukuma kabla ya sentimita kumi kunavimbisha mlango wa kizazi na kuurudisha nyuma. Hamu ikikuzidi kabla hujapimwa, lala ubavu, hema haraka na mdomo wazi. Mlango ukishafunguka, sukuma pale mwili unapotaka, si kwa sababu jirani anapiga kelele "sukuma!". Kichwa kinapoanza kuonekana, lile joto la kuwaka ulilolizoea wiki ya 35 linarudi. Hapo ndipo maji ya chupa ya chai yanapohitajika: muombe mkunga kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto ya kuvumilika kishikwe kwenye msamba, maana kinapunguza ile michaniko mikubwa. Acha kusukuma, hema kwa vipumzi vifupi, kichwa kitoke polepole. Kuongezewa njia si lazima kwa kila uzazi wa kwanza, na una haki ya kuambiwa sababu.

Mtoto akitoka, utachomwa sindano ya pajani, yuniti 10, ya kuzuia kutoka damu. Ikubali. Omba kitovu kisubiri angalau dakika moja kabla ya kubanwa. Ile damu iliyobaki kwenye kondo ni ya mtoto. Akikaushwa, alazwe kifuani kwako, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, kanga juu yenu wote wawili, na akae hapo saa nzima. Sweta zibaki kwenye begi mpaka atakapomaliza kunyonya.